Mavyaa wa Sinema

Nilipoolewa Jadida, mtaa wa mji wa Wete, nikitokea Ole, kitu cha kwanza nilichokikuta Wete ambacho kwetu hakikuwapo ni sinema. Kwetu Ole tulikuwa na mikarafuu, muhogo na maneno ya watu, na hayo yalitutosha. Sinema ya Wete ilikuwa ndani ya ghala la karafuu la Mhindi mmoja mwenye duka la vitambaa. Mji mzima ulimwita mwenye sinema, nami nitamwita hivyo hivyo. Karafuu alizihamisha, lakini harufu yake ilikataa kuhama. Ukitoka mle ndani buibui lako linanuka karafuu siku nzima, na mtu wa nyumbani hana haja ya kukuuliza ulikuwa wapi.

Ilikuwa miaka ile baada ya vita vikubwa, nguo zilipoanza kuonekana tena madukani. Siku moja katika wiki, baada ya sala ya adhuhuri, sinema ilikuwa yetu wanawake peke yetu. Mlangoni alikaa bibi mmoja mnene, mkali, aliyekuwa akifunua kila buibui kuhakikisha kwamba aliyemo ndani ni mwanamke kweli. Mwenye sinema hakuingia. Alikaa nje ya pazia, na akiwa na tangazo alilitoa huko huko nje, sisi tukasikia sauti tu. Mwanamume pekee aliyekuwamo ni fundi wa mashine, naye alijengewa kijichumba chenye tundu moja la kupitishia mwanga. Mara moja moja tulimsikia akikohoa, na wote tukajitanda upya kana kwamba amebisha hodi.

Filamu zenyewe zilitoka Bombay na zilisema Kihindi. Kwa hiyo tulikuwa na mfasiri, na mfasiri huyo alikuwa mama yangu mdogo, ndugu wa mama yangu tumbo moja, aliyeolewa Wete miaka mingi kabla yangu. Utotoni mwake nyumba yao ilipakana na duka la Wahindi, na Kihindi chake alikipata pale. Sikujua wakati ule kwamba kilikuwa Kihindi cha dukani: aliweza kuuliza bei, kusema kwamba ni ghali, na kutukana akikataliwa kupunguziwa. Lakini sauti alikuwa nayo, na haya hakuwa nayo. Alikaa benchi la mbele kabisa, nusu ametazama kitambaa cheupe, nusu ametugeukia sisi.

"Anasema, 'Nakwenda, usinilie,'" angetangaza.

"Anakwenda wapi?" mtu angeuliza kutoka nyuma.

"Subirini, hajasema."

Na kweli baada ya kidogo angetuambia alikokwenda, na sote tungeridhika.

Siku moja, filamu ilipokwisha na sisi tunatafuta viatu vyetu gizani, sauti ya mwenye sinema ilitoka nje ya pazia ikatuomba tukae. Alisema amesoma gazetini kwamba huko Amerika kila mwaka wacheza filamu hufanyiwa karamu kubwa. Kwanza watu hukaa wakataja majina ya wanaostahiki. Majina hayo hutangazwa ulimwengu mzima, watu wakabishana, kisha siku ya karamu huchaguliwa mmoja akapewa sanamu ya dhahabu.

"Sasa nikafikiri," alisema, "Amerika wana watu na Wete tuna watu. Mwaka huu mtachagua nyota wenu. Wiki ijayo mtapendekeza. Kisha filamu ya hao mliowapendekeza nitaileta tena mwitazame vizuri. Kisha mtachagua. Atakayeshinda nitampelekea Bombay doti ya kanga, na barua."

"Sanamu je?" aliuliza mama mdogo.

"Sanamu haramu," alijibu yule bibi wa mlangoni kabla ya mwenye sinema hajafungua mdomo. "Kanga inatosha."

Nilirudi nyumbani nikiwa na habari kubwa kuliko mwili wangu. Mavyaa wangu, mamake mume wangu, alikuwa amekaa uani kwenye kigoda anachambua mchele. Alikuwa mwanamke wa heshima zake, wa nyumba iliyowahi kuwa na mashamba makubwa. Mashamba yalikuwa yamepungua, heshima haikupungua hata kidogo. Sinema hakuwahi kuikanyaga. Aliniruhusu kwenda kwa sababu nafuatana na mama mdogo, na kila wiki aliniaga kwa maneno yale yale: "Nenda katazame vivuli vyako, lakini mchuzi uwe umeiva."

Nikamweleza habari ya kupendekeza. Alisikiliza mpaka mwisho, akaweka ungo chini.

"Kwa hivyo mnamposa nani?"

"Hatumposi, mama. Tunampendekeza."

"Kumtaja mtu mbele za watu na kusema huyu anafaa, kama si posa n'nini? Mwakujua kwao?"

"Hapana."

"Ana mume?"

"Kwenye filamu anaye."

"Na nje ya filamu?"

Hilo hakuna aliyelifikiria.

"Basi mwataka kumtangaza mtu ulimwengu mzima, na hamjui hata kama mwenyewe yumo edani," alisema. "Wiki hiyo nakwenda miye."

Na alikwenda. Alivaa buibui lake jipya, akajifukiza udi, akachukua tasbihi. Tulipoingia sinema wanawake walisimama wakampisha kama wanavyompisha mtu msibani, akapewa kiti chenye mto katikati ya ukumbi. Taa zikazimwa, mashine ikaanza kulia, na kitambaa kikajaa watu wakubwa kuliko mlango. Nilimsikia akisoma kitu kimoyomoyo. Kisha akatulia.

Filamu ya siku ile ilikuwa ya nyumba moja kubwa. Ndani yake mlikuwa na msichana mzuri aliyevaa nguo nyeupe, mwanamume mmoja mwenye masharubu anayeingia na kutoka, na mwanamke wa makamo mwenye fimbo na shada la funguo kiunoni. Mama mdogo hakuchelewa kutupanga. Yule msichana ni mke. Yule mwenye masharubu ni mumewe. Na yule mwenye funguo ni mavyaa.

Mwenye funguo alipiga fimbo sakafuni, akanyoosha kidole.

"Anasema," alitangaza mama mdogo, "'Jua limepanda, na uani hakujafagiwa. Mkazamwana gani yuno?'"

Mabenchi ya mbele, tulikokaa sisi wake wadogo, yalinung'unika. Mabenchi ya nyuma, walikokaa mavyaa zetu, yalikuwa kimya, ila sauti moja ilisema taratibu, "Kwani uongo?"

Mwenye funguo alifunga mlango wa ghala la chakula. Akamnyang'anya msichana barua. Akamfungia chumbani. Msichana alilia kisimani, akalia dirishani, akalia juu ya mto, na kila mahali alipolia tulilia naye. Mwishoni alitoroka, akapotea msituni, akaokotwa na ndovu. Ndovu yule alimbeba mgongoni mpaka mlango wa nyumbani, akapiga magoti, akamteremsha. Mwenye funguo alitoka, akatupa fimbo, akamkumbatia msichana, na wote wawili wakalia pamoja.

"Anasema, 'Nimekusamehe, lakini kesho uamke mapema,'" alimaliza mama mdogo.

Taa zilipowashwa, yule bibi wa mlangoni alisimama mbele akasema sasa ni wakati wa kupendekeza, na mtu aseme mmoja mmoja kama watu waliolelewa. Jirani yangu mmoja, mke mchanga kama mimi, alisimama akampendekeza msichana. Alisema hajapata kuona mtu akilia vizuri namna ile, tena bila pua kuwa nyekundu. Sisi wa mbele tulipiga vigelegele.

Ndipo mavyaa wangu aliposimama. Hata fundi wa mashine hakukohoa.

"Miye ni mgeni humu," alisema, "na sijui mambo ya filamu. Lakini nyumba naijua. Nyumba ile ina mtu mmoja tu anayefanya kazi. Mume anaingia na kutoka. Mke analia. Mwanamke yule ndiye aliyeamka kabla ya watu, ndiye anayejua mchele umebaki kiasi gani, ndiye aliyemfungia mlango mtoto wa watu asitoroke, na alipotoroka mmeona yaliyomkuta. Akamsamehe. Mimi nampendekeza yule."

Vigelegele vilivyotoka nyuma sijapata kuvisikia hata harusini. Mwanamke mmoja niliyemjua kuwa mgonjwa wa magoti alisimama bila mkongojo.

Walikuwapo pia wanawake wa kisiwa cha Kojani, waliokuja kwa mashua kuuza dagaa na kubakia kutazama. Waliulizwa kama wana mtu. Mkubwa wao akasema walikuwa na nia ya kumpendekeza kijana wa filamu ya wiki iliyotangulia, yule aliyezama mtoni, lakini wamekaa wakashauriana wakaona haiwezekani. "Hakuna mtu anayezama vile," alisema. "Mtu anayezama hapungi mkono. Tumeshindwa kumwamini." Wakajitoa.

Wa mwisho kusimama alikuwa bibi kizee wa Jadida, mkubwa kuliko wote mle ndani, ambaye macho yake yalikuwa na ukungu wa miaka mingi. Aliletwa kila wiki na mjukuu wake kwa sababu alipenda kelele.

"Miye nampendekeza ndovu," alisema.

Watu wakacheka. Bibi wa mlangoni akamwambia, kwa adabu, kwamba ndovu ni mnyama.

"Najua ni mnyama," alisema bibi. "Hao wengine siwaoni. Mwasema kuna msichana, mwasema kuna mavyaa, kwangu ni ukungu mweupe na ukungu mweusi. Ndovu nimemwona. Na alipiga magoti, nikaona adabu yake. Hamwezi kunikatalia mtu pekee niliyemwona."

Hakuna aliyeweza kumkatalia. Nje ya pazia mwenye sinema alisema tuna wapendekezwa watatu na kwamba Amerika hawatushindi.

Wiki mbili zilizofuata Jadida haikukalika. Kila nyumba yenye mavyaa na mkazamwana iligawanyika, na nyumba ambayo haikuwa na mavyaa iliazima. Mavyaa wangu, ambaye siku zote funguo za ghala aliziweka chini ya mto, alianza kuzitundika kiunoni. Zililia alipotembea. Nilikuwa nikisikia anakuja tangu yupo ukumbini, na bila kujijua nikawa nashika ufagio. Mimi nami nilijifunza kwenda kisimani pole pole, nikaegemea ukuta na kutazama mbali kama yule msichana, mpaka siku moja ndoo ikaponyoka na kamba yake ikaingia kisimani yote.

"Mke analia," alisema mavyaa kutoka jikoni, akimwambia paka.

"Mwenye funguo anapita," nilisema mimi, nikimwambia kuku.

Mume wangu alikuwa karani wa kupima karafuu bandarini, mtu mpole, asiyependa makelele. Siku moja alirudi mchana akatukuta tumekaa kila mmoja upande wake wa ua, tumepeana migongo, tunakuna nazi.

"Mna nini humu ndani?" aliuliza.

Mamake akamwambia ni mambo ya filamu, ya mavyaa na mkazamwana wake. Alifikiri kidogo. Wanaume walikuwa wameiona filamu ile ile siku yao, na wao walikuwa na mfasiri wao, fundi cherehani mmoja wa sokoni.

"Filamu ya ndovu?" alisema. "Mbona ile ni ya kesi ya shamba? Yule mwanamke ndiye mwenye shamba. Yule wa masharubu ni dalali. Msichana ni karani wa mahakama, ndiyo maana ana barua."

Tulimtazama, mimi na mavyaa, na kwa mara ya kwanza wiki ile tulikuwa na fikra moja. Karani wa mahakama, msichana, tena analia kisimani. Wanaume hawajui kutazama filamu. Tukamwambia aende akaoge, chakula kinakaribia. Laiti tungemhoji zaidi kidogo.

Ilipofika siku ya kuitazama tena, ghala lilijaa mpaka watu wakakaa sakafuni. Siku hiyo mwenye sinema alikuwa ameleta mkazamwana wake mwenyewe, bibi harusi wa mwanawe, aliyeshuka melini miezi michache nyuma kutoka Bombay. Alikuwa msichana mwembamba, mwenye macho ya kucheka, na Kiswahili chake kilikuwa bado kinatambaa lakini kinafika. Tulimkalisha mbele karibu na mama mdogo, kwa heshima.

Filamu ikaanza. Mwenye funguo akapiga fimbo. Mama mdogo akasema maneno ya ua kutofagiwa. Yule bibi harusi akageuka akamtazama. Mwenye funguo akafunga chumba. Mama mdogo akasema, "Anasema, 'Mwanangu nilimwambia asioe upande ule.'" Bibi harusi akaweka kiganja mdomoni, mabega yakaanza kumtetemeka. Tulidhani analia, na mtu mmoja akampa leso. Kumbe anacheka. Alicheka mpaka akainama. Mwisho yule bibi wa mlangoni akamwambia fundi asimamishe mashine, taa zikawashwa.

"Mwanangu, wacheka nini?" aliulizwa.

Alijifuta machozi. "Samahani sana," alisema. "Huyu si mavyaa. Huyu mama yake."

"Mama wa nani?"

"Wa msichana. Mama yake, amemzaa. Yule mwenye masharubu ni kaka. Kaka anataka kumuoza dada kwa mzee tajiri mbaya. Mama hataki. Mama anamficha chumbani asichukuliwe. Barua ni ya yule mzee. Msichana hajui, anafikiri mama hampendi. Mwisho anajua."

Ukumbi mzima ulimgeukia mama mdogo. Alikuwa amekaa wima, mikono mapajani.

"Wewe," alisema mavyaa wangu, "yule mwanamke alisema, 'Ua haujafagiwa,' au hakusema?"

"Alipiga fimbo," alijibu mama mdogo. "Akatazama ua. Uso wake ulikuwa wa ua usiofagiwa. Mimi nafasiri mtu, sifasiri maneno peke yake. Maneno yao ni mengi na wanayasema mbio."

"Na Kihindi wakijua au hukijui?"

"Nakijua," alisema mama mdogo. "Hawa wa filamu tu ndio hawaulizi bei."

Filamu ikaendelea mpaka mwisho, mama mdogo kimya, bibi harusi akisema machache kwa sauti ndogo. Ilikuwa filamu nyingine kabisa. Ndovu peke yake ndiye aliyebaki vile vile.

Njiani kurudi nyumbani tulipofika kwenye kona ya msikiti mavyaa wangu akasimama.

"Mwanamke muovu sana yule," alisema.

"Nani, mama?"

"Yule wa funguo. Mtu na mwanawe wa kumzaa, anamfungia chumbani hamwambii kwa nini? Mkazamwana ni mtoto wa watu, lazima umchunge. Lakini damu yako mwenyewe, humkalishi ukamwambia, 'Mwanangu, mambo ni hivi na hivi'? Simtaki. Namtoa posa."

Mimi nami nilikuwa nimefika kwingine. "Mie naona alikuwa akimlea, mama," nilisema. "Amemwokoa na yule mzee. Na yule msichana kazi yake kulia tu, hata kumuuliza mamake hakumuuliza. Mimi mama yangu angenifanyia vile ningejua ana sababu."

Tukatazamana pale konani. Wiki mbili nzima nilikuwa nimemtetea msichana na yeye amemtetea mwenye funguo, na sasa kila mmoja amesimama pale aliposimama mwenzake, tena kwa moyo ule ule. Sikuthubutu kucheka. Yeye ndiye aliyeanza. Alicheka ndani ya buibui, taratibu, akijaribu kujizuia, mpaka funguo zikalia kiunoni.

Nilikuja kusikia kwamba mji mzima ulipinduka vivyo hivyo. Mavyaa walimtupa mwenye funguo, wake wachanga wakamwokota. Jirani yangu aliyempendekeza msichana alisema sasa akimtazama anaona mtoto aliyedekezwa. Yule mgonjwa wa magoti alirudia mkongojo wake.

Siku ya kuchagua, mlangoni kila mmoja wetu alipewa komwe moja, zile mbegu za kuchezea bao. Nyuma ya shuka viliwekwa vikapu vitatu, na juu ya kila kikapu picha iliyokatwa kwenye tangazo la filamu: msichana, mwenye funguo, ndovu. Uliingia peke yako, ukatia komwe yako, ukatokea upande wa pili.

Nilipofika mbele ya vikapu nilisimama zaidi kuliko nilivyotarajia. Nilitaka kumpa mwenye funguo. Lakini nilikumbuka yote niliyomsema kwa wiki mbili, uani, kisimani, mbele ya kuku, na mkono ukakataa kumpa komwe mtu niliyemlaani kiasi kile. Kumpa msichana nako sikuweza tena. Nyuma yangu mtu aliguna kwamba nifanye haraka. Nikatia komwe kwa ndovu nikatoka.

Yule bibi wa mlangoni alivitoa vikapu mbele yetu. Kikapu cha msichana kilikuwa na komwe chache chini. Cha mwenye funguo chache vile vile. Cha ndovu kilikuwa kimefurika, nyingine zimeanguka sakafuni. Wanawake walianza kutazamana chini kwa chini, kila mmoja akitaka kujua nani mwingine amefanya kama yeye, na kwa jinsi walivyokwepana macho ilikuwa wazi kwamba karibu wote.

"Mama," nilimnong'oneza mavyaa wangu, "umempa nani?"

"Mnyama yule ana adabu," alisema, akitazama mbele.

Mwenye sinema alisikika nje ya pazia akiuliza nani ameshinda. Alipoambiwa, akasema, kwa uangalifu, kwamba hajui atampelekeaje ndovu doti ya kanga, wala hajui barua aianze vipi.

Hapo bibi kizee wa ukungu wa macho aliomba ashikwe mkono ainuke. Alisema mambo haya hayana ugumu wowote. Ndovu havai kanga, na hata kama angevaa, doti moja isingemfika. Ndovu ana mtu aliyemposa, na mtu huyo ni yeye. Mahari ya asiye na walii hushikwa na aliyesimama badala yake. Shehe yeyote akiulizwa swali lile nadhani angepata shida, lakini Shehe hakuwapo, na kanga alipewa bibi. Alizivaa wiki iliyofuata, na aliyemuuliza amezinunua wapi alimwambia zimetoka kwa ndovu.

Mama mdogo alikaa nyumbani wiki mbili. Alisema anaumwa kichwa. Mimi na mavyaa wangu tulikwenda kumtazama, tukachukua visheti. Tulimkuta mzima, anapika. Mavyaa wangu alimuuliza kwa nini haji sinema, akajibu kwamba sasa wana mtu anayejua.

"Anajua," alisema mavyaa wangu. "Tumekaa naye wiki mbili. Anatwambia alichosema mtu, basi. Ukimuuliza kwa nini amekisema, ati hajui, hakikusemwa. Wiki iliyopita watu wamelala. Rudi ukae hapo hapo mbele. Yeye atwambie kilichosemwa, na weye utwambie kilichokuwapo."

Akarudi, na ndivyo tulivyotazama filamu mpaka sinema ile ilipokuja kufungwa. Bibi harusi alisema lake, mama mdogo akasema lake, wakishindana kidogo kidogo, na baada ya muda wakawa mashoga hata wakifuatana sokoni. Ilikuwa lazima fundi asimamishe mashine mara kwa mara ili wote wawili wamalize, kwa hiyo filamu moja ilituchukua mchana kutwa na michuzi mingi ya Jadida iliungua. Mwaka wa pili mwenye sinema alitutangazia tena habari ya kupendekeza. Mavyaa wangu alimjibu kwa niaba ya ukumbi mzima kwamba ahsante, tumeshukuru, lakini tuna nyumba za kuangalia.

Filamu za bibi harusi ndizo zilizokuwa za kweli, hilo sikatai. Za mama mdogo zilikuwa nzuri zaidi.